Kutoka Puani hadi kwenye Geji: Historia ya Ubainishaji wa Hitilafu katika Mitambo ya Barafu, 1834–2019

Utangulizi

Mashine ya barafu ya hoteli au ya soko la samaki inapopunguza uzalishaji, kauli ambayo husikika mapema kuliko nyingine katika karakana za Afrika Mashariki ni kwamba gesi imeisha. Mara nyingi mteja huitamka kabla fundi hajafika, na si ajabu fundi akaikubali kabla hajafungua kifuniko. Kinachofuata ni kujaza gesi. Mashine hurudi kazini kwa siku au majuma kadhaa, malalamiko yakaanza upya, na gesi ikajazwa tena. Kwa mtazamo wa fizikia kauli hiyo ina kasoro ya msingi. Gesi ya kupozea hailiwi na mashine kama mkaa unavyoliwa na jiko. Huzunguka kutoka kompresa hadi kondensa, ikapita kwenye vali ya upanuzi, ikaingia katika evapareta na kurudi ilikotoka. Kiasi kilichotiwa kiwandani ndicho kinachopaswa kuwamo siku mashine inapotupwa. Kikipungua, kimevuja, na kama hakikuvuja, tatizo liko kwingine.

Insha hii haikusudii kuwalaumu mafundi. Hoja yake ni ya kihistoria, nayo ni kwamba desturi ya kujaza gesi ilikuwa sahihi kabisa kwa mitambo ya karne ya 19, ambayo haikuweza kuacha kuvuja, na kwamba desturi hiyo imeishi kupita mitambo iliyoihalalisha. Sambamba na hoja hiyo iko nyingine inayohusu hisi za mwanadamu. Gesi za mwanzo zilinuka. Hitilafu ilijitangaza yenyewe. Kila badiliko la gesi lililofanywa kwa ajili ya usalama wa watu au wa angahewa lilimnyang'anya fundi hisi mojawapo, likamwachia vipimo na kazi ya kufikiri. Ni vigumu kuelewa kwa nini mashine za leo hutibiwa ugonjwa zisiokuwa nao bila kufuatilia mambo haya mawili kwa pamoja.

Barafu isiyo na mtambo

Kabla ya katikati ya karne ya 19, barafu katika nchi za joto ilikuwa shehena, si bidhaa ya kiwanda. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany iliondoka Boston ikiwa na takriban tani 180 za barafu iliyokatwa huko Massachusetts, ikafika Calcutta ikiwa na takriban tani 100. Safari hiyo ilikuwa sehemu ya biashara ya Frederic Tudor. Katika biashara hiyo kulikuwa na hasara, lakini hapakuwa na hitilafu kwa maana inayotumika katika insha hii. Kila mtu alijua tani 80 zimekwenda wapi: zimeyeyuka. Swali lilikuwa moja tu, namna ya kuzuia joto lisiingie, na jibu lake lilikuwa unga wa mbao na ghala lenye kuta nene.

Inafaa kudokeza hapa kwamba neno barafu lenyewe ni geni lililokwishazoea. Katika Kiajemi, barf ni theluji, ilhali theluji ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu. Lugha ya pwani ilikuwa na maneno mawili ya maji yaliyoganda muda mrefu kabla ya mashine yoyote ya kuyagandisha kubuniwa. Msamiati wa mashine hiyo ndio uliochelewa, na hadi leo sehemu kubwa yake imeazimwa kutoka Kiingereza kwa njia ya karakana.

Mitambo iliyovuja kwa kawaida yake

Hataza aliyopewa Jacob Perkins nchini Uingereza mwaka 1834 ilieleza mzunguko ambao haujabadilika kimsingi hadi leo. Kimiminika chepesi kuvukiza hupunguziwa shinikizo, huvukiza na kunyonya joto. Mvuke wake husukumwa na pampu, hupozwa ukawa kimiminika tena, na kurudi mwanzo. Umuhimu wa hataza hiyo kwa historia ya hitilafu hautajwi mara nyingi. Mzunguko uliofungwa hubeba ahadi ndani yake, kwamba hakuna kitakachotoka. Hitilafu ya gesi, kama dhana, ilizaliwa pamoja na ahadi hiyo.

Ahadi hiyo ilivunjwa tangu siku ya kwanza, na sababu ilikuwa ya kimaumbile. Nguvu ya kuendesha kompresa ilitoka nje, kwa injini ya mvuke au mkanda, ilhali pistoni ilikuwa ndani. Kwa hiyo fimbo au shafti ilipaswa kupenya ukuta wa chuma huku ikitembea. Nafasi iliyoizunguka ilizibwa kwa pakingi iliyolowekwa mafuta, ikakazwa kwa boliti. Ikikazwa mno, fimbo ilikwama na kuungua. Ikilegezwa, gesi ilipita. Fundi wa zama hizo aliishi kati ya ncha hizo mbili, na hakuna mkazo wowote uliozuia uvujaji wote.

James Harrison, mhariri wa gazeti aliyejenga mashine ya barafu huko Geelong, Australia, katika miaka ya 1850, alitumia etha. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi katika shinikizo la kawaida la hewa. Ili ichemke kwa baridi ya kugandisha maji, shinikizo ndani ya evapareta lilibidi liwe chini ya lile la hewa ya nje. Matokeo yake ni kwamba uvujaji wa upande huo haukutoa etha, bali uliingiza hewa. Hewa hiyo ilijikusanya katika kondensa na kupandisha shinikizo, na mchanganyiko wake na etha uliweza kulipuka. Upungufu na mlipuko vilikuwa dalili mbili za tundu moja. Daktari John Gorrie wa Apalachicola, Florida, aliyetaka kuwapoza wagonjwa wake wa homa na kupata hataza ya Marekani mwaka 1851, aliliepuka tatizo hilo kwa kutumia hewa yenyewe badala ya kimiminika. Mashine yake ilipovuja, ilivuja hewa, na hapakuwa na cha kujazwa. Lakini mzunguko wa hewa ulikuwa dhaifu kiasi kwamba usahili huo haukuweza kuuokoa.

Badiliko kubwa lilikuja na amonia. Ferdinand Carré wa Ufaransa aliitumia katika mashine za ufyonzaji kuanzia mwaka 1859, na Carl Linde wa Ujerumani akaitumia katika kompresa mwaka 1876, baada ya mashine yake ya kwanza ya etha ya methili kumsumbua hasa pale fimbo ya pistoni ilipopaswa kuzibwa. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, hivyo mtambo wa barafu unaoitumia huwa na shinikizo kubwa kuliko hewa ya nje kila mahali katika hali ya kawaida ya kazi. Uvujaji ukawa na mwelekeo mmoja tu, wa kutoka.

Katika viwanda vya barafu ya mabonge vilivyoenea mwishoni mwa karne hiyo, makopo ya maji yalizamishwa katika tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa, yakaachwa zaidi ya siku nzima hadi yagande. Mhandisi wa zamu aliandika shinikizo na halijoto katika daftari saa baada ya saa. Katika mazingira hayo, kuongeza amonia ilikuwa kazi ya matunzo kama kutia mafuta. Amonia ilihesabiwa katika gharama za mwaka pamoja na makaa ya mawe. Mhandisi aliyesema kwamba mtambo umepungukiwa na amonia alikuwa anasema kweli karibu kila mara, na aliyeongeza kidogo kidogo alikuwa mtu mwangalifu. Desturi ya kujaza ilizaliwa hapo, nayo ilizaliwa na akili timamu.

Pua, utambi na kitambaa

Amonia haihitaji kifaa cha kuitambua. Pua ya mwanadamu huinusa ikiwa na sehemu chache au makumi machache katika sehemu milioni moja za hewa, kiwango kilicho chini sana ya kile kinachoua. Mtu hukimbia kabla hajadhurika, iwapo njia ya kukimbilia ipo. Hata hivyo, pua hueleza kwamba kuna uvujaji bila kueleza uko kwenye kiungo kipi kati ya mamia ya viungo vya mabomba. Kwa kazi hiyo mafundi walitumia utambi uliopakwa salfa. Ulipowashwa na kupitishwa karibu na kiungo kinachovuja, moshi wake ulikutana na amonia na kufanya wingu jeupe. Kiswahili kina bahati ya pekee hapa, kwa kuwa kiberiti kilikuwa jina la salfa kabla hakijawa jina la njiti za kuwashia moto. Njia ya pili ilikuwa karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa, ambayo hugeuka buluu.

Kwa mashine zilizotumia dayoksaidi ya salfa, ambazo Raoul Pictet wa Geneva alizianzisha katika miaka ya 1870, utaratibu uligeuzwa juu chini. Fundi alichovya kitambaa katika maji ya amonia, akakipitisha kwenye mabomba, na wingu lile lile jeupe likaonesha tundu. Kila gesi ilikuwa kipelelezi cha mwenzake.

Uvujaji uliofichika zaidi ulikuwa ule wa ndani ya tangi la maji ya chumvi, ambako amonia huyeyuka majini bila kutoa harufu ya kutosha. Hapo kemia ya maabara ilishuka hadi kiwandani. Kimiminika kilichobuniwa na Julius Nessler mwaka 1856 kwa ajili ya kupima amonia katika maji kilidondoshwa katika sampuli, na rangi ya manjano au kahawia ikatoa jibu. Ni mfano wa mapema wa fundi kutafuta hitilafu asiyoweza kuihisi kwa mwili wake, na unastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida katika historia za upoozaji.

Chombo kingine kilikuwa kinasubiri zamu yake. Eugène Bourdon alipata hataza ya geji ya bomba lililopindwa mwaka 1849 huko Ufaransa. Henri Victor Regnault naye alipima kwa uangalifu mkubwa uhusiano kati ya shinikizo na halijoto ya mvuke wa vimiminika vingi. Vitu hivi viwili vilipounganishwa, uso wa geji uliweza kubeba mizani mbili, moja ya shinikizo na nyingine ya halijoto ambayo gesi husika huchemka katika shinikizo hilo. Fundi aliyesoma geji hiyo hakusoma tu nguvu inayosukuma bomba; alisoma baridi iliyo ndani ya evapareta asiyoweza kuingiza mkono. Kama geji ya kondensa ilionesha shinikizo kubwa kuliko lile linalolingana na halijoto ya kimiminika kinachotoka humo, aliweza kuhukumu kwamba hewa imeingia. Hiyo haikuwa tena kunusa wala kuona, bali kulinganisha.

Gesi isiyonuka

Amonia na dayoksaidi ya salfa zilivumilika kiwandani, palipokuwa na mhandisi wa zamu. Majokofu yalipoingia majumbani na madukani katika miaka ya 1920, hakukuwa na zamu. Kloridi ya methili, iliyopendwa kwa sababu harufu yake ni hafifu na yenye utamu, ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu hiyo hiyo, kwani iliwafikia watu wakiwa wamelala. Vifo vilivyotokea katika nyumba za Chicago mwaka 1929 viliitikisa biashara nzima. Maandishi kadhaa ya baadaye huongeza katika orodha hiyo maafa ya kliniki ya Cleveland ya Mei 1929, ambapo watu 123 walikufa. Huo ni mkanganyiko. Moshi wa sumu uliowaua ulitokana na kuungua kwa filamu za eksirei, wala si gesi ya jokofu. Hata hivyo, urahisi ambao kosa hilo limerudiwa unaonesha jinsi hofu ya gesi za kupozea ilivyokuwa imeenea.

Jibu la hofu hiyo lilitolewa na Thomas Midgley na wenzake waliofanya kazi kwa niaba ya kampuni ya General Motors. Mwaka 1928 walipata familia ya michanganyiko ya kaboni, klorini na florini, na Aprili 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani huko Atlanta, Midgley alivuta mvuke wa gesi hiyo mapafuni kisha akaupulizia mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alithibitisha kwamba haiui wala haiwaki. Jambo ambalo onyesho hilo halikulisisitiza ni kwamba haikunuka pia. Kwa mtumiaji hiyo ilikuwa neema, na kwa fundi ilikuwa hasara. Mtambo uliweza kupoteza gesi yake yote usiku mmoja, na asubuhi chumba kikawa na hewa safi.

Hisi ya pua ilipofungwa, ile ya jicho iliitwa kazini. Friedrich Beilstein alikuwa ameeleza mwaka 1872 kwamba shaba iliyopashwa moto pamoja na mchanganyiko wenye klorini hutia mwali rangi ya kijani. Taa ya fundi ilijengwa juu ya kanuni hiyo. Ilikuwa na mwali mdogo, kipande cha shaba juu yake, na mpira mwembamba unaovuta hewa kutoka mahali panapopekuliwa. Mwali ulipogeuka kijani, tundu lilikuwa karibu. Taa hiyo ilikuwa na madhaifu yake. Chumba kilichojaa gesi kiliufanya mwali uwe kijani kila mahali, na gesi iliyopita motoni iliweza kuzaa fosijini, ambayo ni sumu kali. Hata hivyo, ilitumika kwa miongo mingi, na pamoja na povu la sabuni ikawa alama ya kazi hiyo.

Maisha ya taa yalikatizwa na sayansi ya angahewa. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba klorini ya gesi hizo huharibu ozoni, na Itifaki ya Montreal ikatiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Gesi zilizoshika nafasi, kama vile R-134a na R-404A, hazina klorini. Kwa kuwa hazina klorini, haziugeuzi mwali kuwa kijani. Jicho nalo likafungwa. Kilichobaki ni povu, vifaa vya kielektroniki, na hesabu.

Barafu kama shahidi

Wakati gesi ikipoteza harufu na rangi, mashine yenyewe ilikuwa inabadilika kwa namna iliyopaswa kuua desturi ya kujaza. Jokofu la General Electric la mwaka 1927 liliuzwa likiwa na kompresa na mota ndani ya ganda moja la chuma lisilofunguliwa. Hakukuwa tena na shafti inayopenya ukuta, wala pakingi. Mashine za barafu za kujiendesha zilizoenea katika hoteli na mikahawa ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili zilirithi muundo huo. Ahadi ya Perkins ilikuwa imetimizwa hatimaye. Katika mtambo wa aina hii upungufu wa gesi si hali ya kawaida bali ni tukio lenye sababu. Yaweza kuwa kiungo kilichochomelewa vibaya, bomba lililosuguana na jingine hadi likatoboka, au evapareta iliyoliwa na kemikali za kusafishia.

Lakini desturi haikufa. Karakana ziliirithi kutoka kwa mafundi wa amonia na kutoka kwa viyoyozi vya magari, ambavyo bado vina shafti inayopenya ukuta na kuvuja polepole. Hapa ndipo mashine ya barafu inapostahili kutazamwa peke yake, kwa sababu ina kitu ambacho jokofu la kawaida halina. Hutoa ushahidi wa kushikika kila baada ya dakika chache.

Katika mashine ya vipande, pampu humimina maji juu ya bamba la evapareta lililosimama wima. Maji huganda kidogo kidogo, na chumvi zake huoshwa na maji yanayoendelea kutiririka; ndiyo sababu barafu yake hung'aa. Unene ukifikia kiwango, vali ya gesi moto hufunguka, gesi kutoka kompresa huingia moja kwa moja katika evapareta, na barafu huachia na kuanguka. Awamu hizi mbili, ya kugandisha na ya kuvuna, zina muda unaoweza kupimwa kwa saa ya mkononi, na mavuno yana uzito unaoweza kupimwa kwa mizani ya dukani. Mashine inayogandisha kwa dakika 14 na kuvuna kwa dakika 2 hukamilisha mizunguko 90 kwa siku. Kila mzunguko ukitoa kilo 2, siku ina kilo 180. Fundi anayefanya hesabu hii kwanza anaweza kugundua kwamba mashine haina hitilafu yoyote.

Suala hili lina uzito wa pekee katika miji ya pwani. Viwango vya Marekani hupima uwezo wa mashine kwa hewa ya takriban nyuzi 32 za Selsiasi na maji ya nyuzi 21. Kilo moja ya maji ya nyuzi 21 huhitaji kuondolewa kilojuli 88 ili ifike sifuri, na kilojuli 334 za joto fiche ili igande. Jumla ni 422. Maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 28, jumla hupanda hadi 451, yaani takriban asilimia 7 zaidi, kabla ya kuzingatia kondensa iliyo katika jiko la hoteli au iliyozibwa na vumbi na mafuta. Mteja aliyesoma uwezo wa juu ulioandikwa katika tangazo, ambao mara nyingi umepimwa kwa hewa na maji baridi zaidi ya hayo, ataona pengo kubwa na kuliita upungufu wa gesi.

Umbo la barafu nalo husema. Gesi inapopungua, evapareta hushiba upande inakoingilia na kufa njaa upande inakotokea. Barafu huwa nene huku na nyembamba au haipo kule. Tatizo ni kwamba vali ya upanuzi iliyoziba hutoa picha ile ile. Kwa upande mwingine, vali ya gesi moto isiyofunga vizuri hupenyeza joto wakati wa kugandisha na kupandisha shinikizo la kurudi, jambo ambalo kompresa dhaifu nayo hulifanya. Dalili moja, kwa hiyo, haitoshi kumtia hatiani yeyote. Bomba lililo baada ya vali ya gesi moto likiendelea kuwa na moto dakika kadhaa baada ya kugandisha kuanza, shaka huelekea kwenye vali. Likipoa, shaka huhamia kwenye kompresa.

Vitabu vya huduma vya kampuni ya Manitowoc ya Wisconsin vimeliweka tatizo hili katika jedwali, nalo ni chanzo cha kihistoria kinachostahili kusomwa na wanahistoria. Safu zake zina washukiwa: vali ya gesi moto inayovuja, gesi pungufu au vali ya upanuzi inayobana, vali ya upanuzi inayofurika, na kompresa. Mistari yake ina vipimo, ambavyo huanza na uzalishaji, ufungaji wa mashine na mfumo wa maji, kisha sura ya barafu, na ndipo shinikizo. Fundi hutia alama katika kila mstari na kuhesabu mwisho. Hukumu hutokana na wingi wa ushahidi. Mpangilio huo unabatilisha kimyakimya mazoea ya kufunga geji kwanza. Maji huja kabla ya gesi kwa sababu vichujio vilivyoziba, ukoko wa chumvi kwenye bamba, au vali ya kuingizia maji isiyofunga, ambayo huifanya mashine igandishe maji yasiyokoma kuingia, huiga dalili za gesi pungufu kwa ustadi mkubwa. Fundi aliyejaza gesi katika mashine yenye ukoko wa chumvi ameongeza hitilafu ya pili juu ya ya kwanza, na sasa jedwali lenyewe halitamsaidia.

Kigali, na gramu 150

Gesi zilizookoa ozoni zilikuwa na kasoro yake. Kilo moja ya R-404A, iliyotumika sana katika mashine za barafu, hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 3,900 za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Tarehe 15 Oktoba 2016, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za aina hiyo. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zilipangiwa kusimamisha ongezeko la matumizi mwaka 2024 na kufikia punguzo la asilimia 80 mwaka 2045. Katika nchi hizo R-22 ya zamani bado inaondolewa kwa hatua: asilimia 35 kufikia 2020 na 67.5 kufikia 2025. Kila ujazaji usiotanguliwa na kuziba tundu hupeleka gesi hizo angani kwa kupitia mashine. Aidha, R-404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, na desturi ya kuongeza kidogo juu ya kilichobaki humwachia fundi mtambo usio na uhakika wa kilichomo.

Mrithi anayeonekana zaidi katika mashine ndogo ni propani, R-290, gesi iliyojulikana tangu zamani na kuepukwa kwa sababu huwaka. Kanuni ya kimataifa inayohusu majokofu ya biashara na mashine za barafu iliiwekea mipaka ya gramu 150 kwa kila mzunguko. Toleo la mwaka 2019 liliongeza kikomo cha gesi zinazowaka hadi takriban gramu 500, kwa masharti. Kiasi hiki kidogo kimebadilisha ubainishaji wa hitilafu kuliko kanuni yoyote ya mafunzo. Mipira ya geji, ikijaa kimiminika, huondoka na sehemu ya maana ya gramu 150. Kitendo cha kupima husababisha hitilafu inayopimwa. Taa ya mwali haiwezi hata kufikiriwa karibu na mtambo huo. Baadhi ya mashine hutoka kiwandani bila vali za huduma kabisa, zikiwa na bomba fupi lililobanwa na kuchomelewa. Fundi hulazimika kuanza na saa, mizani, kipimajoto kilichofungwa nje ya bomba, na bamba lenye barafu, na kuliacha bomba bila kulitoboa hadi ushahidi mwingine wote uwe umeelekea huko.

Anapolitoboa, gesi iliyobaki huondolewa yote, tundu huzibwa, mfumo huvutwa hewa, na propani mpya hupimwa gramu kwa gramu kulingana na kibao kilicho nyuma ya mashine. Karakanani kazi hiyo pia huitwa kujaza gesi.